Kompyuta nafuu kwa asasi: chunguza prosesa kabla ya bei

Asasi za hisani zinazotafuta kompyuta za bei nafuu, ziwe za kununua au za msaada, zinapaswa kuchunguza umri wa prosesa kabla ya kuuliza bei.

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikabakiza masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha katika mpango wa muda wa ziada. Windows 11 iliyoirithi hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ndiyo maana ofisi huondoa mashine ambazo bado ni nzima, na baadhi yake huishia kuwa mtumba au zawadi.

Zawadi hiyo si mbaya, lakini pasipo masasisho haifai kuhifadhi majina ya yatima wala taarifa za wagonjwa. Inaweza kuwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu, pamoja na LibreOffice, ambazo hazina ada ya leseni. Iwapo hesabu za asasi hufanywa kwa programu ya Windows pekee, njia hiyo haifai. Jambo hilo husahaulika hadi mhasibu alalamike.

Kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD hutosha kwa barua, hesabu na intaneti. Panapokatika umeme mara kwa mara, kompyuta mpakato ni bora, ingawa betri ya mtumba hujaribiwa kwa kuchomoa waya na kungoja, si kwa kutazama taa.