Mji wa Shaba na Mji wa Milele

Mwanadamu hupenda kuita «milele» kitu kilichomtangulia duniani na ambacho hajaona mwisho wake. Historia ya mji wetu yatufundisha kulipima neno hilo.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910. Wabelgiji wakauita Elisabethville, kwa heshima ya malkia wao. Mwaka 1911 Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba hapa. Kampani ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule. Watoto walizaliwa katika kambi zake, na wafanyakazi wakazoea kusema kwamba kampani ni baba na mama. Nani angedhani kwamba baba huyo aweza kufa?

Lakini alama zilikuwapo. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika katika kiwanja cha mpira. Askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwaka 1960 Katanga ikajitenga; Januari 1963 utengano huo ukaisha. Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Mwaka 1967 serikali ikaitwaa kampani, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50.000. Tena, tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi, nao wengi walilalamika kwamba feza waliyopewa haikutosha haki yao.

Hapa twaulizwa swali zito: kumhubiri mbingu mjane wa mfanyakazi, naye hana unga nyumbani, si kumfunga kinywa? Tusilikimbie. Wakati wa ukoloni Eklezya ilisimama karibu sana na serikali na kampani, na mahubiri juu ya mbingu yaliweza kuwapendeza mabwana. Lakini matumaini ya kikristu siyo hayo. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha wazi kwamba kuingojea dunia mpya kusitupunguzie bidii ya kuitengeneza hii. Paulo Mtume alimngojea Bwana, na huku akishona hema kwa mikono yake. Anayesadiki ufufuko ajua kwamba mwili uliochoka mgodini ndio Mungu atakaoufufua. Basi mshahara wa mwili huo si jambo dogo.

Kosa halikuwa kuipenda kazi. Kosa lilikuwa kumpa kampani nafasi ya Mungu, kana kwamba yeye ndiye mwenye uzima. Naye aliyeweka matumaini yote pale, siku kampani ilipoanguka, alianguka pamoja nayo.

Basi, ndugu zetu mapadri na waseminari, tuwafundishe wakristu kudai haki yao bila kuabudu kampani yoyote, hata hizi mpya zinazochimba leo. Tuwatembelee wazee wa kambi, tusikilize habari zao, tuwaombee wafu wao katika Misa. Shaba yaisha ardhini. Mtu aliyeichimba hapotei machoni pa Mungu.