Nilivyochemsha Mtihani wa C

Mwaka 2022 niliitwa kwenye usaili wa kazi, kampuni moja ya mjini ambayo jina lake nalihifadhi. Nilikwenda na shati la kuazima na bahasha ya kaki yenye vyeti, moyoni nikijua kazi ni yangu. Kwani kompyuta si nazijua bwana? Mtaani kwetu simu ikigoma, naletewa mimi.

Nikapewa karatasi na penseli. Kompyuta hakuna. Maswali kumi ya lugha ya C, yale wanayoyaita ya msingi, dakika ishirini. Ndugu msomaji, nilichemsha.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Aliyenisahihisha, mzee mmoja wa miwani, aliniuliza kwa upole: "Kijana, kwa nini C inaanza kuhesabu na sifuri?" Nikamjibu: "Ndivyo ilivyo, mzee." Akafunga faili. "Ndivyo ilivyo," akarudia taratibu, kisha akaniaga.

Ndani ya daladala nilimchukia yule mzee mpaka nafika nyumbani. Lakini swali lake lilikataa kutoka kichwani. Nikaanza kusoma, si masomo ya kompyuta tena, bali historia yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba C nilikuwa nimeikariri kama kasuku. Kumbe kila mtego uliokuwa kwenye ile karatasi una mtu aliyeuweka, una mwaka wake, na una sababu.

Tuanzie 1969, Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Hapo ndipo zilipokuwa maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka huo Bell ilijitoa kwenye mradi mkubwa wa mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics. Ken Thompson akabaki na hamu yake na mashine ndogo ya PDP-7. Juu ya hiyo akaanza mfumo ambao baadaye uliitwa Unix. Akaitengenezea lugha, akaiita B, kwa kuipunguza lugha ya BCPL iliyobuniwa na Martin Richards wa Cambridge, Uingereza. Mwenzake, Dennis Ritchie, akaichukua B, akaipa uwezo wa kutofautisha herufi na namba na aina nyingine za vitu, na kufikia 1972 ikawa C. Mwaka 1973 Unix yenyewe ikaandikwa upya kwa C.

Sasa weka jambo moja akilini: nafasi. PDP-11 waliyoipata mwaka 1970 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 24,576. Baiti moja hubeba herufi moja. Makala kama hii unayosoma, ukiweka nne hivi, mashine imejaa! Watu wenye chumba kidogo namna hiyo hawanunui makochi.

Turudi kwenye karatasi yangu. Swali la kwanza lilisema x ni 3, halafu likaandika if (x = 5), na kuuliza kama sharti hilo litatimia. Nikaandika halitatimia, maana tatu si tano. Kosa. Katika C alama moja ya "=" haiulizi, inaamuru: mpe x tano. Ukitaka kuuliza unaandika mbili, "==". Hivyo x ikawa 5, na kwa C chochote kisicho sifuri ni kweli. BCPL iliamuru kwa ":=", alama mbili. Ni Thompson aliyeifupisha katika B, kwa hoja kwamba katika programu za kawaida kuamuru hutokea kama mara mbili ya kuuliza, basi kinachotumika sana kiwe kifupi. Hoja nzuri kabisa. Ila zaidi ya miaka hamsini imepita, na vijana bado tunaanguka kwenye shimo lile lile.

Swali la pili: safu ina namba tano, ya mwisho inaitwaje? Nikaandika a[5]. Kosa. Ni a[4]. Na hapa ndipo lilipo jibu la yule mzee. Jina la safu huiambia mashine safu inapoanzia. Namba iliyo kwenye mabano ni hatua za kutembea kutoka hapo. Fikiria mtaa wenye nyumba tano mfululizo, nawe umesimama mlangoni pa nyumba ya kwanza. Kuifikia umepita nyumba ngapi? Sifuri. Kuifikia ya tano umepita nne. Mashine haihesabu nyumba, inahesabu mwendo. Ningejua hilo, labda faili lisingefungwa.

Swali la tatu niliacha wazi kabisa: "Taja hatari ya gets." Hiki ni kifaa cha C cha kusoma mstari wa maneno kutoka nje. Hatari yake ni hii: hakiulizi chombo kina ukubwa gani. Unampa mtu kikombe, yeye anamimina ndoo. Yanayofurika yanaangukia kumbukumbu ya jirani, na mjanja anaweza kupanga yafurike yawe amri zake mwenyewe.

Hili si tishio la kitabuni tu. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu inayojizalisha yenyewe, aina iitwayo mnyoo. Njia yake mojawapo ya kuingia ilikuwa programu iliyotumia gets. Chombo kilikuwa cha baiti 512, mnyoo ukamimina 536. Baiti 24 za ziada! Maelfu ya kompyuta yakalemewa. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050. Na gets je? Iliondolewa kwenye kanuni rasmi za C mwaka 2011, miaka 23 baada ya mnyoo. Sababu ni ile ile: watu walikwishaandika mengi juu yake, na kung'oa jiwe la msingi nyumba ikiwa na wapangaji ni kazi.

Usidhani haya ni mambo ya makumbusho. Kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991, kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa, na simu za Android husimama juu yake. Kwa hiyo uamuzi wa akina Thompson huenda umo mfukoni mwako sasa hivi. Februari 2024 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikihimiza watengenezaji wahamie kwenye lugha zisizoruhusu kumbukumbu ichezewe hivyo, na C ikatajwa kati ya zile zenye hatari hiyo.

Ritchie hayupo kuijibu. Alifariki Oktoba 2011, siku chache baada ya Steve Jobs. Dunia nzima ilimlilia Jobs. Ritchie walimlilia zaidi watu wa fani. Kitabu alichoandika na Brian Kernighan mwaka 1978 kuieleza C kilikuwa na kurasa 228 tu. Ninyi mnaotaka kuandika, hilo lishikeni: lugha nzima kwa kurasa 228.

Kazi sikuipata, na sidai nilionewa. Siku hizi mdogo wangu naye anajifunza C kwenye kompyuta yangu kuukuu. Juzi aliniuliza: "Kaka, mbona hapa wameweka sifuri?" Ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu la zamani, nikaumeza. Nikamwambia avae ndala tutoke nje, tukasimame mlangoni kwa jirani wa kwanza, tuhesabu nyumba.