Batri yetu: kuongeza ao kupunguza?

Kwaya yetu hapa Mangina iko na batri ya umeme ya pedi tano. Vijana banataka tuuze kakao ya kikundi, tuongeze pedi na matoazi. Mimi agronome ndiye mpiga batri, na kusema kweli, ni mimi nilitaka sana zaidi. Kisha nikakumbuka historia.

Rumba ya zamani ilitembea juu ya tumba na marakasi. Batri ilikaa nyuma. Mwaka 1969 Zaiko Langa Langa ikazaliwa Kinshasa. Vijana bale baliacha tarumbeta, bakasukuma kesi kleri mbele, na mpiga batri wao Meridjo Belobi akaeneza mdundo wa kavasha. Sauti mpya ilitoka pia kwa kupunguza.

Mwaka 1981, Uingereza, Simmons ilitoa SDS-V yenye pedi za pembe sita. Sasa sauti inatoka kwenye sanduku, hapana kwenye ngozi. Njo maana toazi la shaba unalisimamisha tu na kupiga, lakini pedi bila tundu kwenye moduli ni bubu.

Moduli yetu imebakia na tundu moja. Waya wa kugawa mbili unaweza kubeba pedi mbili, kama moduli inakubali, lakini kila pedi inabakia na sauti moja tu.

Basi nimeomba tununue toazi moja. Pesa ingine iende kwa betri ya sola. Munasemaje?