Sayansi katika Shule za Upili: Majengo, Mombasa

Kwa wanafunzi wa Majengo, mtaa wa kisiwani Mombasa, sayansi ni biolojia, kemia na fizikia, zinazosomeshwa katika shule za upili za kisiwa hicho, zikiwemo Allidina Visram, Coast Girls na Khamis. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, mtahiniwa wa KCSE hufanya angalau mbili kati ya hizo tatu. Karatasi ya tatu ya kemia hufanyiwa maabarani: mwanafunzi huvuta mililita 25 za alkali kwa pipeti, kisha hudondosha asidi kutoka kwa bureti, tone kwa tone, jicho kwenye rangi. Akizidisha kidogo tu, hesabu imeharibika.

Lugha ya somo ni Kiingereza, nyumbani ni Kimvita, na pengo hilo huwachosha wengi bure. Osmosisi, kwa mfano, mpwani ameiona kitambo: ni chumvi ikimtoa papa maji mpaka awe ng'onda.

Mtaala mpya, unaochukua nafasi ya 8-4-4, ulifika Gredi ya 10 mwaka 2026. Humo, sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni mkondo mmoja kati ya mitatu.