Kanisa la Ngao na Mlango wa Lamu



Watu wasimuliapo habari za makanisa ya kale yaliyoanzishwa na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, hulitaja lile la Wamoravian wa Rungwe, Tanganyika, lililoanza mwaka 1891. Lakini miaka 4 kabla yake, mwaka 1887, misheni ya Kiprotestanti kutoka Neukirchen, Ujerumani, ilikwisha kuweka kituo Ngao, kando ya Mto Tana, katika nchi ya Wapokomo, kusini-magharibi ya visiwa vyetu.

Haikuwa saa njema. Mei 1886, katika Golbanti iliyo jirani, Wamasai walimwua mmisionari wa Kimethodisti, John Houghton, na mkewe Annie. Tena Witu ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani tangu 1885, na mwaka 1888 Wajerumani wakafungua posta hapa Lamu. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kanisa ni kivuli cha bendera. Bendera ikiondoka, kivuli nacho kitatoweka.

Bendera ikaondoka. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza himaya ya Witu. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa huko, na Oktoba Waingereza wakauteketeza mji. Mwaka 1891 posta ya Lamu ikafungwa. Ngao ikabaki.

Sababu moja, kwa maoni yetu, ni kwamba wageni hao walikubali kufundishwa. Ferdinand Würtz, mmoja wa wamisionari wa Ngao, alichapisha mwaka 1895 kamusi ya Kitikuu na Kipokomo. Hivyo usemi wa ndugu zetu Wabajuni na usemi wa wakulima wa Tana ukaandikwa pamoja.

Lakini kamusi haitungwi na mgeni peke yake. Kila neno lilitoka kinywani mwa mtu aliyeulizwa, akajibu, akaulizwa tena. Methali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni kwa kumpa lugha. Juu ya kamusi limeandikwa jina la mgeni.

Basi twawaomba wazee, Waislamu na Wakristo sawasawa: aliyesikia kwa babu yake habari za waalimu hao, au za mabaharia waliowavusha wageni, ampelekee katibu wa chama ziandikwe, maana wanaozijua wanapungua.