Mitarakwa ya Shume na Penseli za Nuremberg

Mtarakwa ni mti wa baridi. Katika Usambara Magharibi umemea hasa uwanda wa juu wa Shume, katika wilaya ya Lushoto. Mbao zake ni nyekundu na zinanukia, mchwa hawazipendi, na nyuzi zake zimenyooka hivi kwamba kisu hupita bila kuchana vibanzi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyouponza.

Watengenezaji penseli wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wametegemea kwa miaka mingi mwerezi mwekundu wa Marekani. Karne ya 20 ilipoanza, miti mizuri ilikuwa imepungua mno. Ilifika mahali wanunuzi wakazunguka Tennessee kununua nyua na maghala makuukuu ya wakulima ili wapasue mbao za penseli. Ukoo wa Faber, miongoni mwa watengenezaji hao, ulijaribu hata kuipanda miti hiyo nyumbani kwao Bavaria. Mtarakwa wa Afrika Mashariki, ndugu wa karibu wa mwerezi huo, ulikuwa umesimama katika koloni la Wajerumani bila kuguswa na msumeno wa kiwanda.

Tatizo lilikuwa kuuteremsha. Shume inaishia kwenye genge, na chini yake ni nyika ya Mkumbara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea kuambaa milima kuelekea Moshi, ambako ilifika mwaka 1911. Kampuni ya Wilkins & Wiese ikaweka kiwanda cha mbao Shume, mahali Wajerumani walipopaita Neu-Hornow, na mafundi wa Adolf Bleichert wa Leipzig wakatandika kamba za chuma angani kwa takriban kilomita 9. Mzigo uliteremka ukining'inia zaidi ya mita 1,000 hadi stesheni ya Mkumbara, kisha Tanga, kisha melini. Kwa uhandisi, ilikuwa kazi ya kustaajabisha.

Kwa watu wa milimani, hesabu ilikuwa nyingine. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilianzisha utaratibu wa kadi: mwanamume alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Watawala hawakuhitaji mnyororo kila mara, maandishi yalitosha.

Wala Usambara haikungoja Wajerumani ndipo ijue nguvu ya maandishi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliwakuta Waislamu wenye elimu ya kuandika wakihudumu huko. Barua za pwani zilihitaji mwandishi, na waandishi wa zama hizo walichonga kalamu kwa matete na kutengeneza wino kwa masizi. Kimweri alipofariki mwaka 1862 ugomvi wa urithi uliisambaratisha himaya, na mwanawe Semboja akapata nguvu akiwa Mazinde, pale pale chini ya mlima, karibu na Mkumbara.

Aliyemfahamu vizuri Semboja ni Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu cha historia ya ukoo wa Kimweri. Sehemu ya kwanza ilichapwa na misheni ya Magila mwaka 1895, nyingine zikafuata mwaka 1904 na 1907. Bila kalamu yake tungebaki na ripoti za wageni watupu, na ni kazi inayostahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa sasa.

Tukirudi kwenye penseli: peni ya plastiki, ile ya Bic iliyotoka Ufaransa mwaka 1950, ilisambaa kila duka, lakini haikuiua penseli. Watoto wa madarasa ya mwanzo bado wanajifunzia herufi kwa penseli. Hata mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, watahiniwa walitakiwa kuwa na penseli ya kutia weusi kwenye majibu.

Sehemu kubwa ya Shume sasa ni misindano na misaiprasi ya kupandwa, na msitu wa asili uliobaki unalindwa katika hifadhi ya Magamba. Walimu wa historia wa Lushoto wanalo somo karibu nao: wawapeleke wanafunzi wauone mtarakwa ulio hai, kisha wawaambie penseli za Wajerumani zilitoka wapi.