Tirumala: mlima wa ngazi 3,550, na fomu ya kuisoma kabla ya kutia saini

Watu wetu wa Pwani wanaokwenda India kwa matibabu, wengi hufikia Chennai. Mgonjwa akipata nafuu, aliyemsindikiza huanza kuuliza pa kutembea, na jina la Tirupati halikosi kutajwa. Mji huo uko kiasi cha kilomita 135 kutoka Chennai, katika jimbo la Andhra Pradesh. Ndugu msomaji, kabla hujapanda gari, jua unakokwenda.

Tirupati ni mji wa chini. Juu yake, kwenye mwinuko wa karibu mita 850, ndiko Tirumala, penye hekalu la Venkateswara, ambaye kwa Wahindu ni Vishnu. Vilima viko saba, nao huvihesabu kuwa ni vichwa saba vya Shesha, nyoka anayemlalia Vishnu. Hekalu ni kongwe. Mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara alilizuru mara kadhaa karne ya 16, na sanamu yake pamoja na wake zake wawili ingalipo.

Wengi hupanda kwa basi. Wenye nadhiri hupanda kwa miguu kutoka Alipiri, ngazi zipatazo 3,550, wengine bila viatu. Siku ya kawaida hufika watu zaidi ya 50,000, kwa hiyo foleni ni ya saa nyingi, na kumwona mungu wao ni kwa sekunde chache tu. Simu na kamera haziingii hekaluni. Nyama, pombe na sigara ni marufuku mlima mzima.

Utaona wake kwa waume wamenyoa vipara. Nywele ni sadaka yao, kisha hupigwa mnada na kutengenezwa mawigi. Pesa nazo hutiwa katika chombo kiitwacho hundi. Wanasimulia kwamba Venkateswara alikopa kwa Kubera, mwenye hazina, ili amuoe Padmavati, na waumini humsaidia kulipa deni.

Wakitoka hupewa ladu. Neno hilo si geni kwetu, ila ladu yao ni ya unga wa dengu, samli, sukari, korosho, zabibu na iliki. Hii imetolewa kwanza mbele ya sanamu, kwa hiyo ukikaribishwa, mambo ya kula usiyachukulie wepesi. Muulize shehe wako kabla ya safari.

Sasa tuje kwenye fomu. Asiyekuwa Mhindu akitaka kuingia hekaluni, hutakiwa kutia saini karatasi inayosema kwamba ana imani na Venkateswara. Si kitabu cha wageni. Ni tamko la imani.

Waislamu wa India kwenyewe hawana jibu moja. A.P.J. Abdul Kalam, alipokuwa rais wa nchi, alitia saini akaingia. Mjini Kadapa, katika jimbo hilo hilo, wako Waislamu wanaokwenda hekalu la Venkateswara la mji wao siku ya Ugadi, mwaka mpya wa Watelugu, kwa ajili ya kisa cha Bibi Nanchari, mwanamke wa Kiislamu anayesemekana kuwa mke wake.

Hayo ni yao. Mimi naona hivi: ukisaini usichokiamini, umewadanganya wenye hekalu na umeichezea shahada yako. Na ukifika pale ukaanza kubishana na karani, umewavunjia heshima wenyeji, kwani kila nyumba ina masharti yake. Sisi nasi tuna mahali ambapo asiye Mwislamu haingii, na tunataka tuheshimiwe.

Basi panda ukipenda. Tazama vilima, tazama mnara wa lango, waone wazee wanaomaliza ngazi huku magoti yakitetemeka. Mlangoni simama, rudi kwa adabu. Hakuna atakayekuhesabia kuwa umemkosea.